Iambie Draiva Lile Tu Isiloweza Kulijua

Kuna mstari mmoja ambao mafundi wengi wanaoshughulika na Linux wamewahi kuunakili bila kuuliza unasema nini: `options rtl8723be ant_sel=2`. Unauweka kwenye faili ndani ya folda ya /etc/modprobe.d, unawasha kompyuta upya, na laptopu iliyokuwa ikiiona ruta kwa shida hata zikiwa juu ya meza moja, sasa inaishika vizuri kutoka chumba cha tatu. Kwa mwenye laptopu huo ni muujiza. Kwako wewe fundi haifai uwe muujiza, kwa sababu sababu yake ni nyepesi na inafafanulika. Kadi ya Realtek RTL8723BE ina matundu mawili ya kuchomeka antena. Laptopu nyingi za bei nafuu zilitoka kiwandani zikiwa na antena moja tu, na hilo peke yake si kosa. Kosa linaingia pale kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya kadi inapokuwa imeandikwa kwamba antena iko kwenye tundu lile jingine. Draiva inaisoma kumbukumbu hiyo, inaiamini, kisha inakaa kusikiliza kwenye tundu lisilo na kitu. Larry Finger, aliyezitunza draiva hizi za Realtek ndani ya Linux kwa miaka mingi, alikiongeza kigezo cha ant_sel mwaka 2016 kwa ajili hiyo hasa: 0 maana yake iamini kadi, 1 au 2 maana yake nisikilize mimi, antena iko hapa.

Mfano huo mdogo unabeba karibu kila kitu ninachotaka kukushawishi katika mwongozo huu. Mpangilio unaoipa draiva ni ushahidi wako wewe, mtu uliye nje ya mashine, kuhusu jambo ambalo mashine haiwezi kujionea. Pale penye jambo la namna hiyo, mpangilio una kazi na uandike bila woga. Pale ambapo draiva inaweza kujua yenyewe, au inaweza kupatana na mwenzake wa upande wa pili wa waya, neno lako ni la ziada, na la ziada katika mitandao halikai kimya. Siku moja litakugharimu saa tatu za kutafuta hitilafu uliyoipanda mwenyewe. Jambo la pili linafuata hapo hapo: kwa kuwa kuna mambo ya kadi, mambo ya waya, mambo ya mtandao fulani na mambo ya nchi, kila aina ina mahali pake pa kuandikwa, na kosa la kawaida kuliko yote ni kuyaandika yote mahali pamoja.

Tazama yalikotoka mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kadi za mtandao za ISA, kama NE2000 iliyoigwa na watengenezaji wengi, hazikuwa na njia ya kujitambulisha. Anwani ya kadi na namba ya IRQ vilipangwa kwa vipini vidogo juu ya kadi yenyewe, na aliyevipanga ndiye aliyejua. Ikabidi aiambie draiva: `insmod ne io=0x300 irq=5`, au kama draiva imo ndani ya kerneli yenyewe, aandike `ether=5,0x300,eth0` wakati wa kuwasha. Draiva haikuweza kukisia, maana kupapasa anwani ovyo kungeweza kukigusa kifaa kingine kabisa na kuigandisha mashine. Ilipokuja PCI mwaka 1992, kadi ikawa inabeba namba ya mtengenezaji na namba ya muundo wake, na mfumo ukawa unaigawia anwani na IRQ. Mistari ile ya io na irq ikafa kwa sababu kilichokuwa kikisemwa na fundi sasa kilisemwa na kadi. Lakini kanuni haikufa. Chukua Raspberry Pi leo, uiunganishe na kadi ndogo ya mtandao yenye chipu ya ENC28J60 kupitia pini za SPI: SPI, kama ISA ya zamani, haina njia ya kuuliza “nani yuko hapo?” Kwa hiyo unaandika kwenye config.txt mstari wa `dtoverlay=enc28j60,int_pin=25`, ukiieleza kerneli kuwa kuna chipu ya aina hii na waya wake wa kuita umefungwa kwenye pini ya 25. Miaka thelathini imepita, na mtu bado anaieleza mashine alivyofunga nyaya.

Basi kabla ya kuandika chochote, ijue draiva. Jina la kadi kwenye tangazo la duka halikusaidii, wala jina la wlan0 au enp3s0. Endesha `lspci -k` uangalie mstari unaotaja draiva inayotumika, au `ethtool -i` ukifuatisha jina la kadi. Ya pili inakupa pia toleo la programu iliyo ndani ya kadi. Ukishapata jina la moduli, yaani draiva inayopakiwa kwenye kerneli, tuseme rtl8723be, uliza vigezo vyake kwa `modinfo -p rtl8723be`. Hii amri ndiyo ushauri ulio bora kuliko wowote utakaosimuliwa, kwa sababu inasoma moduli iliyomo kwenye mashine yako na kwa kerneli unayotumia wewe. Vigezo huongezwa, huondolewa na kubadilishwa maana kadiri kerneli inavyokua. Aliyekushauri kijiweni huenda hakukosea. Alikuwa anazungumzia kerneli ya miaka saba iliyopita.

Kuisoma orodha hiyo kwa makini kunakuepusha na kosa linalowaudhi hata wazoefu. Kadi za Intel za waifai zinaendeshwa na moduli zaidi ya moja zilizopangana: iwlwifi iko chini, na juu yake kwa kadi nyingi iko iwlmvm. Kigezo cha power_save ni cha iwlwifi. Kigezo cha power_scheme ni cha iwlmvm. Mtu akiandika `options iwlwifi power_scheme=1`, hakuna kitakacholia. Zamani moduli ingekataa kabisa kupakiwa, na angalau ungejua. Tangu mwaka 2013 kerneli inakipuuza kigezo isichokijua, inaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake kwamba kigezo fulani hakijulikani na kimeachwa, kisha inaendelea na safari. Utawasha upya, utaona tatizo lipo palepale, utahitimisha kuwa ushauri haufai, kumbe ushauri haukuwahi kujaribiwa. Kwa hiyo, kila ubadilishapo kitu, soma `dmesg` na utafute jina la moduli humo. Ukikosea thamani badala ya jina, kwa mfano ukaandika neno mahali pa namba, hapo moduli itakataa kweli na kadi haitaonekana kabisa. Hilo ni kosa la heri, maana linajitangaza.

Sasa kuhusu mahali. Kigezo cha moduli, kama jina linavyosema, ni mali ya moduli. Si mali ya kadi. Mashine ikiwa na kadi tatu zinazoendeshwa na draiva moja, mstari wako mmoja unazihusu zote tatu. Ushahidi mzuri wa jinsi jambo hili linavyobana uko kwenye moduli ya bonding, ile inayounganisha kadi mbili au zaidi zionekane kama moja. Zamani iliwekwa kwa vigezo tu, kwa mfano `modprobe bonding mode=1 miimon=100`, na miungano yote ya mashine hiyo ililazimika kufuata hali moja. Aliyetaka muungano mmoja wa kusubiriana na mwingine wa kugawana mzigo alipaswa kuipakia moduli ileile mara mbili kwa majina mawili tofauti. Ndivyo maelekezo rasmi ya kerneli yalivyosema. Haikuwa mbinu ya mkato ya fundi mjanja. Siku hizi kila muungano unaundwa kwa amri ya `ip link add bond0 type bond mode active-backup miimon 100`, na kila mmoja unakuwa na hali yake. Intel nao, katika draiva ya e1000, walijaribu njia ya katikati: kigezo kinapokea orodha yenye mkato, thamani ya kwanza kwa kadi ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Inafanya kazi mpaka siku utakapochomeka kadi ya ziada na hesabu ya kwanza na ya pili ikabadilika. Thamani iliyokusudiwa kadi ya seva ya hifadhi itatua kwenye kadi ya intaneti, na hakuna mstari wowote wa kukuonya.

Ndiyo maana wasimamizi wa sehemu ya mitandao ya kerneli wamekuwa kwa miaka mingi wakizikataa draiva mpya zinazokuja na vigezo vyao vya moduli, wakitaka mipangilio ipitie njia za pamoja ambazo kila draiva inazielewa. Njia kuu kati ya hizo ni ethtool. Ukitaka kuongeza nafasi ya foleni ya kupokea, `ethtool -g eth0` inakuonyesha kiwango cha sasa na cha juu kabisa, kisha `ethtool -G eth0 rx 4096` inabadilisha, ikiwa kadi inafika huko. Ukitaka kupunguza mara ambazo kadi inaikatiza kazi CPU, tumia `ethtool -C`. Ukishuku kwamba kazi ya kukatakata pakiti iliyoachiwa kadi ndiyo inayoharibu data, izime kwa `ethtool -K eth0 tso off`, upime, uirudishe. Amri hizi zinataja kadi moja kwa jina, zinafanya kazi papo hapo bila kuiondoa draiva, na ni zilezile kwa Intel, Realtek au Broadcom. Kigezo cha moduli kwa kawaida hakina sifa hata moja kati ya hizo tatu.

Ila ethtool nayo inaweza kutumiwa vibaya, na mfano wake ni wa zamani lakini bado unaua mitandao ya ofisi. Kadi ya 100 Mbps na swichi zikiachwa zipatane zenyewe, kila upande unatangaza unachoweza, na wanachagua kilicho bora kwa wote wawili. Sasa aje mtu mwenye hamu ya uhakika aandike `ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off`, huku swichi ikibaki kwenye mapatano. Swichi inasubiri tangazo, haipati. Inaweza kuitambua kasi kutokana na mawimbi yenyewe kwenye waya, lakini haiwezi kutambua kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja, hivyo kwa mujibu wa kanuni inachagua kupokezana. Upande mmoja unazungumza wakati wowote, upande mwingine unadhani ni zamu kwa zamu. Ping itapita bila shida, kurasa ndogo zitafunguka, na mtu atakapotuma faili kubwa mtandao utatambaa. Hesabu za makosa utaziona kwa `ethtool -S eth0` zikipanda kila unapotazama. Na kumbuka kwamba Ethaneti ya gigabiti kwenye nyaya za shaba, iliyowekewa kiwango mwaka 1999, inayahitaji mapatano hayo. Si jambo la hiari. Kasi ni habari ya pande mbili. Kuilazimisha upande mmoja ni kudai uthibitisho kwa niaba ya mtu ambaye hujamuuliza.

Hapa msomaji makini ana pingamizi, na ni la haki: mstari wa modprobe.d unadumu, lakini amri ya ethtool inapotea kompyuta ikizimwa, na umeme wetu unajulikana kwa kukatika. Ni kweli inapotea, ila kudumu ni suala la mahali ulipoiandika; ethtool yenyewe ni mdomo tu. Kwenye mifumo inayotumia systemd, tengeneza faili kama /etc/systemd/network/10-ofisi.link, uitaje kadi kwa anwani yake ya MAC, kisha uandike unachotaka:

[Match]
MACAddress=00:11:22:33:44:55

[Link]
NamePolicy=keep kernel database onboard slot path
RxBufferSize=4096

Huo mstari wa NamePolicy usiupuuze. Mfumo unatumia faili la kwanza tu linaloifaa kadi, na lako likitangulia, lile la msingi lenye kanuni za majina halisomwi tena. Ukiuacha, unaweza kuamka na kukuta enp3s0 imegeuka eth0, na kila kilichotegemea jina la zamani kimelala. Kama mashine inatumia NetworkManager, ambayo ndiyo ya laptopu nyingi, mpangilio unaweza kukaa kwenye muunganisho wenyewe. Mtu anayelalamika kuwa waifai ya ofisini inakatika kila anapoacha kutumia kompyuta kwa muda, jaribu kwanza `nmcli connection modify "Ofisini" 802-11-wireless.powersave 2`, ambapo 2 ni kuzima usingizi wa kadi na 3 ni kuuwasha. Ofisini kadi itakaa macho, nyumbani itaendelea kubana betri. Jambo hilo kigezo cha moduli hakiliwezi, kwa sababu moduli haijui uko ofisini au nyumbani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaofanya kazi kweli. Wanasema: thamani za msingi zimewekwa na wahandisi wa mbali, kwa mashine mpya, kwenye majengo yenye umeme safi, sisi tunahudumia laptopu za mtumba zilizofunguliwa mara nne, zenye antena iliyobanwa na ruta iliyochoka. Tukisubiri draiva ijue yenyewe tutazeeka. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Mashine iliyofunguliwa na kufungwa na mikono mingi ina habari nyingi ambazo draiva haizijui: antena moja imekatika, kadi imebadilishwa na ya laptopu nyingine, kebo imechomekwa tundu la pili. Hapo ndipo fundi anapokuwa shahidi bora kuliko kadi, na ant_sel ni yako. Nusu nyingine siikubali, maana inachanganya kuieleza mashine na kuifunga mdomo. Angalia kigezo cha 11n_disable cha iwlwifi, kinachopendekezwa kila mara waifai ya Intel inapokatika. Ukiweka 1, unazima 802.11n na kila kilichojengwa juu yake, na kadi iliyonunuliwa kwa mamia ya megabiti inarudi kwenye kikomo cha 54 Mbps. Mkatiko unaweza kuisha kweli. Lakini hujaiambia draiva jambo lolote isilolijua. Umeikata mguu ili isijikwae. Kigezo hicho si cha ndiyo na hapana, kina thamani za kujumlishwa: 2 inazima kukusanya pakiti wakati wa kutuma, 4 inazima wakati wa kupokea, na 8 inawasha kukusanya wakati wa kutuma. Mtu akikosa subira anaruka hadi 1. Mwenye subira anajaribu 4, anapima, anajaribu 2, anapima, na mara nyingine anagundua kwamba tatizo lilikuwa ruta.

Kupima ndiko kunakotenganisha fundi na mganga. Kwa waifai, `iw dev wlan0 link` inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ni bora: -50 ni nzuri, -80 ni shida. Kila tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo laptopu iliyotoka -80 hadi -50 baada ya kubadili antena imepata mawimbi mara elfu moja, na hilo huhitaji kulikisia. Tofauti ya 2 au 3 ni upepo tu. Mtu kapita kati ya ruta na meza. Andika namba ya kabla kwenye karatasi, kwa sababu baada ya nusu saa ya kuhangaika kila mtu hukumbuka hali ya kabla kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Kuna kigezo kimoja cha moduli ambacho hakihusu waya wala kadi, na kwetu Afrika Mashariki kinasahaulika mno. Moduli ya cfg80211, inayokaa chini ya karibu draiva zote za waifai, ina kigezo cha ieee80211_regdom kinachobeba herufi mbili za nchi. Kadi isiyoambiwa iko nchi gani hutumia kanuni za “dunia”, zenye alama 00, ambazo ni za tahadhari: kwenye baadhi ya chaneli kadi hairuhusiwi kuanza kutangaza yenyewe. Ukitumia laptopu au Raspberry Pi kuwa kituo cha waifai kwa wengine, hilo litakubana. Angalia hali kwa `iw reg get`, jaribu `iw reg set TZ` au KE, na ukiridhika andika `options cfg80211 ieee80211_regdom=TZ`. Hapa kigezo cha moduli kiko mahali pake hasa, kwa kuwa sheria ya masafa inahusu kadi zote zilizomo kwenye mashine, na hakuna kadi inayoweza kujua kwa kujitegemea kama iko Mombasa au Muscat. Ila usiandike nchi usiyoko kwa kuwa umesikia inaruhusu nguvu zaidi; huo ni ushahidi wa uongo, na masafa yana wenyewe. Kadi nyingi za Intel za karibuni zinajisimamia katika jambo hili na hazitakusikiliza. Amri ya `iw reg get` itakuonyesha kuwa zinajisimamia, na hapo acha.

Ukishajiridhisha kwamba kigezo cha moduli ndicho kinachotakiwa, kijaribu kwa mkono kabla ya kukiandika popote: `modprobe -r rtl8723be`, kisha `modprobe rtl8723be ant_sel=2`. Ikifaa, tengeneza faili, tuseme /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf. Jina lazima liishie na .conf, la sivyo halisomwi. Anayetumia insmod badala ya modprobe ajue kuwa insmod haiyaangalii mafaili haya hata kidogo. Kama draiva imejengwa ndani ya kerneli, nayo utaikuta kwenye orodha ya modules.builtin chini ya /lib/modules, faili hilo halina kazi, kwani hakuna kupakia; badala yake andika `rtl8723be.ant_sel=2` kwenye mstari wa kuwashia kerneli, ambao kwa Ubuntu na Debian uko ndani ya /etc/default/grub, halafu endesha update-grub. Na draiva nyingine hupakiwa mapema mno, kutoka kwenye picha ndogo ya initramfs, kabla diski yenye faili lako haijafunguliwa. Dalili yake ni kwamba kigezo kinafanya kazi ukipakia kwa mkono lakini hakifanyi kazi baada ya kuwasha upya. Dawa ni `update-initramfs -u` kwa Debian na Ubuntu, au `dracut -f` kwa Fedora. Baada ya hapo usiamini faili, iulize kerneli: `cat /sys/module/rtl8723be/parameters/ant_sel`. Si kila kigezo kinaonyeshwa huko, lakini kinachoonyeshwa ndicho kinachotumika. Ukisoma 0 wakati uliandika 2, neno lako halikufika.

Na kama mashine iko mbali nawe, usiiguse draiva ya kadi ileile unayoingilia bila kujiwekea mlango wa nyuma. Endesha kwanza `shutdown -r +10`, kisha fanya jaribio lako bila kuandika chochote kwenye faili. Ukifungiwa nje, dakika kumi zikipita mashine itajiwasha upya na kurudi ilivyokuwa. Ukifaulu, futa agizo kwa `shutdown -c` ndipo uandike faili. Fundi aliyepanda basi la Dar hadi Songea kwenda kuandika `modprobe` moja hatahitaji kuelezwa zaidi.

Juu ya mstari wa options, ndani ya faili lilelile, anza mstari kwa alama ya # uandike tarehe, jina la kadi, ulichokiona kwa macho, na namba ulizopima kabla na baada. Anayekuja baada yako, na huenda ukawa wewe mwenyewe, atataka kujua kama antena ile bado ni moja au kuna mtu ameongeza ya pili. Ukikuta huna la kuandika kwenye mstari huo zaidi ya “nimeambiwa inasaidia”, futa faili, washa upya, na uiache draiva ifanye kazi yake.